Maswali kwa Daktari wa Meno: Ziwa, Chupa na Taya la Mtoto

Barua tulizozichagua safari hii zimetoka kwa walezi walio katika hali tofauti sana, lakini ukizisoma kwa pamoja utaona zinazunguka jambo moja, nalo ni kama namna mtoto anavyolishwa inabadilisha wakati wa kuota meno, afya ya meno hayo na umbo la uso wake. Kwa kweli hayo ni maswali matatu, na majibu yake hayafanani. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Daktari, shikamoo. Binti yangu ametimiza miezi tisa na hana hata jino moja. Maziwa yangu yalikuwa haba tangu mwanzo, kwa hiyo amekua kwa maziwa ya kopo. Wifi yangu, ambaye mwanawe alinyonya tu na akaota meno akiwa na miezi mitano, anasema maziwa ya kopo hayana nguvu ya kuotesha meno. Je, nimwongezee dawa ya kalsiamu?

Marahaba, mama. Usimpe kalsiamu. Maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga tayari yana kiasi anachokihitaji, na zaidi ya hayo meno ya binti yako hayakai yakisubiri madini, kwa sababu sehemu kubwa ya ujenzi wake ilifanyika kabla hujamzaa. Vichipukizi vya meno ya utoto huanza kujitokeza mimba ikiwa na takriban wiki sita, na madini huanza kujikusanya ndani yake katika miezi ya kati ya ujauzito, hivi kwamba mtoto anapozaliwa meno yote 20 ya utoto yamo ndani ya mataya, yale ya mbele yakiwa yamekaribia kukamilika sehemu itakayoonekana nje ya ufizi na magego yakiwa bado njiani. Kinachobaki baada ya hapo ni mzizi kurefuka na jino kupanda kupitia mfupa na ufizi, na wakati wa safari hiyo huamuliwa na urithi zaidi kuliko maziwa.

Jino la kwanza, ambalo kwa kawaida ni moja ya yale mawili ya mbele chini, hutoka mtoto akiwa na karibu miezi sita. Hata hivyo wapo watoto wenye afya kamili wanaolipata wakiwa na miezi minne, na wapo wanaosherehekea mwaka wao wa kwanza kwa fizi tupu. Muulize mama yako, kisha mumeo amuulize mama yake. Mara nyingi utaambiwa kuwa katika ukoo yumo aliyechelewa vivyo hivyo. Tena ujue mapema kwamba meno hayafuati foleni iliyonyooka: magego ya kwanza hutoka kati ya miezi 13 na 19, ndipo chonge huja kuziba nafasi iliyoachwa mbele yake, na magego ya mwisho ya utoto hukamilisha hesabu ya 20 karibu na umri wa miaka miwili na nusu au mitatu.

Lishe huivuruga ratiba hii pale tu upungufu unapokuwa mkubwa, kwa mfano utapiamlo wa muda mrefu au ukosefu wa vitamini D unaoleta ugonjwa wa matege. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, umri wake wa kuota meno uhesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Ikiwa binti yako atafikisha miezi 15 bila jino, au ikiwa hata sasa haongezeki uzito na amechelewa kukaa, mpeleke kwa daktari, ambaye atataka kuangalia pia kama tezi ya shingo inafanya kazi ipasavyo. Kama anakula, anakua na anacheza, msubiri tu. Kuhusu wifi yako, jino la mapema si tuzo. Ni kwamba mwanawe ana jino la kupigwa mswaki mapema zaidi.

Mke wangu atarejea kazini mtoto wetu akiwa na miezi mitatu na nusu, na mchana mtoto atakuwa akinywa kwa chupa maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Nimesoma kwamba mtoto wa chupa hupata taya jembamba, kidevu kilichorudi nyuma na meno yaliyobanana. Ni kweli, au ni kututisha wazazi?

Upo ukweli, na upo pia utishaji uliopakwa juu ya ukweli huo. Niruhusu nieleze kwa urefu kidogo, maana asiyejua kazi inayofanyika ndani ya kinywa cha mtoto hawezi kuvitenganisha viwili hivyo.

Mtazame mtoto mchanga kwa upande. Uso wake ni mdogo mno ukilinganisha na kichwa, kiasi cha sehemu moja kwa nane ya fuvu, na kidevu chake kimerudi nyuma. Hiyo si kasoro. Taya la chini huzaliwa likiwa vipande viwili vilivyokutana kidevuni, navyo huungana kuwa mfupa mmoja katika mwaka wa kwanza, wakati kaakaa na taya la juu vimeunganishwa kwa mishono ambayo bado inaruhusu upanuzi. Mfupa wa umri huo husikiliza misuli. Unapovutwa mara kwa mara kwenda mbele, hukua kuelekea mbele. Unapobanwa kila siku kutoka pembeni, huchelewa kupanuka.

Mtoto anaponyonya ziwa hulazimika kufungua kinywa wazi na kuingiza chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Nyama hiyo laini hurefuka, hulala chini ya kaakaa na kuchukua umbo la kaakaa lenyewe. Ulimi hutangulia mbele juu ya ufizi wa chini, hujikunja kama hori, kisha hushuka upande wa nyuma na kuacha ombwe linalovuta maziwa, huku taya la chini likienda mbele, likishuka na kupanda tena, maelfu ya mara kwa siku. Midomo imezibwa na ziwa, kwa hiyo pumzi hupita puani. Wakati wa kupumzika ulimi hubaki juu, umetandazwa kwenye kaakaa, na mkandamizo huo mpana ndio unaoliwekea taya la juu upana wake.

Kwenye chupa kazi hubadilika. Chuchu ya mpira haijifinyangi kufuata kaakaa. Kaakaa ndilo linalolazimika kuipokea ilivyo. Ikiwa tundu ni kubwa, maziwa humiminika yenyewe, na mtoto hurudisha ulimi nyuma ili kuyazuia asipaliwe. Taya halihitaji kwenda mbele sana, na badala yake mashavu ndiyo yanayovuta kwa nguvu, yakizikandamiza fizi kutoka pembeni.

Hapo ndipo tafiti zinapoingia. Uchambuzi mkubwa wa manufaa ya kunyonyesha uliochapishwa katika jarida la tiba la The Lancet mwaka 2016 ulikadiria kwamba kunyonya kunaambatana na kupungua kwa kasoro za mpangilio na mkutano wa meno kwa takriban theluthi mbili. Ni tofauti kubwa, nami siipuuzi. Lakini nyingi ya tafiti za aina hiyo hufuatilia watoto jinsi walivyolelewa, hazigawi watoto kwa kura, na mtoto wa chupa mara nyingi ndiye huyo huyo anayepewa chuchu bandia ya kumtuliza, ambayo ina madhara yake yenyewe kwenye taya. Tena meno yanayopimwa zaidi ni yale ya utoto. Ukubwa wa taya, ukubwa wa meno na umbo la kidevu vina urithi mzito ndani yake, na ndiyo maana utamkuta aliyenyonya miaka miwili akiwa na meno yaliyopandana, na aliyelelewa kwa chupa akiwa na meno yaliyopangika kama punje za muhindi. Chupa huongeza uwezekano, haitoi hukumu.

Sasa kwenu. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hubaki maziwa ya mama, na kila mara mtoto anaponyonya ziwa lenyewe, yaani alfajiri, jioni, usiku na siku za mapumziko, taya linapata zoezi lake. Mpango wenu una mengi mazuri, msiuache. Wewe utakayeshika chupa mchana, mkalishe mtoto akiwa amenyanyuka na si kulala chali, uilaze chupa karibu usawa wa ardhi ili maziwa yasimporomokee, uchague chuchu ya mtiririko wa polepole, na usilipanue tundu kwa sindano kamwe, hata akilia kwa haraka ya njaa. Mguse midomo kwa chuchu, usubiri afungue kinywa wazi, ndipo uiingize hadi midomo ifike kwenye msingi wake mpana. Baada ya dakika chache mpumzishe, kisha mhamishie mkono wa pili, kama ambavyo angehamishwa kutoka ziwa moja kwenda jingine. Chuchu zinazouzwa kwa ahadi ya kulinda umbo la taya haziwezi kufanya kazi ya ziwa, kwa hiyo msilipie ahadi hiyo.

Kikombe nacho kinasahaulika. Hata mtoto mchanga anaweza kunyweshwa kwa kikombe kidogo na mtu mwenye subira, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likikipendelea kuliko chupa kwa watoto wasioweza kunyonya, kwa sababu pia ni rahisi kukisafisha. Ikiwa mlezi wa mchana hawezi, basi kuanzia miezi sita mtoto ajifunze kikombe, na chupa iagwe kabisa kati ya miezi 12 na 18. Jambo la mwisho ninalolitaka kwako kama baba: mwangalie anapolala. Mtoto anayelala kinywa wazi kila usiku, au anayekoroma bila mafua, apelekwe kuchunguzwa pua na koo, kwa maana ulimi ulioshuka ili kupisha pumzi hauwezi tena kulipanua taya la juu, na hapo hata ziwa halitoshi.

Mimi ni bibi. Mjukuu wangu ana miezi minane na meno mawili, na ameanza kumng'ata mama yake. Mama anataka kumwachisha ziwa. Wapo pia wanaosema jino likitoka, ziwa halina kazi tena.

Shikamoo, bibi. Ziwa bado lina kazi kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye bila kitu kingine kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula hadi miaka miwili au zaidi, na ushauri huo haujali amekwisha kuota meno mangapi. Mtoto anayenyonya kwa dhati hawezi kung'ata, kwa sababu ulimi wake umelala juu ya meno ya chini. Hung'ata pale anapokwisha kushiba na kuanza kuchezea chuchu, au fizi zinapomwasha. Mama ajifunze kuitambua dakika hiyo: mvutano hulegea, ulimi hurudi nyuma, macho huanza kuzunguka chumbani. Hapo aingize kidole pembeni mwa mdomo na kumtoa kwa upole. Kabla ya kunyonya, mjukuu apewe kitu safi cha baridi cha kutafuna, kama kitambaa kilicholoweshwa maji na kuwekwa kwenye jokofu, lakini kisigande. Zile dawa za kupaka kwenye fizi zenye benzokaini zisitumike kwa watoto wachanga. Zinaweza kuidhoofisha damu katika kubeba oksijeni.

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Meno yake ya juu mbele yana mstari mweupe kando ya fizi, na mawili yameanza kuwa ya kahawia. Hulala na chupa ya maziwa mdomoni, la sivyo halali. Mama mkubwa ananiambia nisihangaike kwa kuwa hayo ni meno ya utoto na yatang'oka tu.

Mheshimu mama mkubwa, lakini katika hili usimfuate. Unachokieleza ni uozo wa mapema wa meno, na mahali ulipoanzia panaeleza chanzo chake. Mtoto anapolala na chupa, maziwa hutuama kuzunguka meno ya juu mbele, wakati yale ya chini yanakingwa na ulimi na kuoshwa na mate. Usiku mate hupungua sana, mtoto hamezi mara kwa mara, na bakteria walioko kwenye meno hupata sukari ya maziwa kwa saa nyingi na kuigeuza kuwa asidi inayonyonya madini ya enameli, yaani ganda gumu la nje la jino. Enameli ya meno ya utoto ni nyembamba kuliko ya meno ya kudumu, kwa hiyo safari kutoka mstari mweupe hadi tundu inaweza kuchukua miezi michache tu.

Mstari mweupe bado unaweza kuokolewa, maana hapo madini yamepungua lakini jino halijatoboka. Pale palipokuwa kahawia panahitaji kuonwa na daktari wa meno, na si mwezi ujao. Atapaka dawa yenye floridi na kuangalia kama lipo tundu la kuziba. Nyumbani piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, kiasi kisichozidi punje ya mchele mpaka atimize miaka mitatu, na mara ya pili iwe ndiyo jambo la mwisho kugusa kinywa chake kabla ya kulala.

Chupa ya kulalia nayo ina ukaidi wake, na sikudanganyi kuwa itaondoka kwa siku moja. Wapo wazazi wanaofanikiwa kwa kuyapunguza maziwa kidogo kidogo kila usiku na kuyajaza maji mahali pake, mpaka chupa ibaki ya maji matupu na mtoto mwenyewe aichoke. Wengine huikata mara moja na kuvumilia kelele za siku tatu au nne. Njia yoyote kati ya hizo ni afadhali kuliko kumtia asali au juisi ndani ya chupa ili anyamaze. Juisi ya matunda haihitajiki kabisa kabla ya mwaka mmoja, na asali katika umri huo ni hatari kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli.

Akina mama wanaonyonyesha huniuliza hapa kama kunyonya usiku nako kunaozesha. Katika mwaka wa kwanza hilo lisiwasumbue, kwa kuwa maziwa ya ziwa huingia nyuma ya kinywa na hutoka pale tu mtoto anapovuta. Baada ya mwaka mmoja, mtoto anayenyonya mara nyingi usiku kucha, anayekula vitu vya sukari mchana na asiyepigwa mswaki, huyo naye meno yake huoza. Dawa yake ni mswaki na kupunguza sukari kwanza, si kukimbilia kumwachisha.

Na kuhusu kung'oka: magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 au 12. Jino la utoto likiondoka mapema, majirani zake hulala kuelekea penye pengo, na jino la kudumu linapofika hukuta mlango umezibwa. Meno mengi yaliyopandana, ambayo wazazi husema yametokana na taya dogo, yalianza kwa gego la utoto lililong'olewa kwa kuoza.

Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Alinyonya mwaka mzima, ila hadi leo hulala na chuchu bandia. Akiuma, meno ya mbele hayakutani, unaona ulimi katikati. Je, faida ya kunyonya imepotea?

Haijapotea, lakini inapingwa kila usiku. Kinachoamua umbo la taya ni muda ambao msukumo unakaa, hata ukiwa mdogo, na chuchu bandia inayokaa mdomoni saa tisa au kumi huyazuia meno ya mbele yasiteremke na huuweka ulimi chini, wakati mashavu yanaendelea kulibana taya la juu. Ndiyo maana hupatikana kasoro mbili kwa pamoja: uwazi mbele, na magego ya juu kuingia upande wa ndani wa yale ya chini. Ule uwazi wa mbele mara nyingi hujifunga wenyewe mtoto akiacha katika umri huu, kwa hiyo acheni sasa. Kasoro ya magego haina tabia hiyo ya kujirekebisha, basi apelekwe akaangaliwe kama kidevu chake kinaelekea upande mmoja anapouma. Msimbadilishie kwa kidole gumba. Chuchu bandia inaweza kutupwa, kidole hakitupiki.

Mtoto wangu ana miezi kumi na moja na meno sita. Kila chakula namsagia mpaka kiwe laini kama maziwa mazito, kwa kuwa naogopa asipaliwe. Je, naweza kusubiri magego yatoke kwanza?

Usisubiri, umechelewa kidogo tayari. Fizi za mtoto wa miezi minane au tisa zinatosha kuponda kipande laini kinachobonyea kati ya vidole vyako viwili, na kutafuna ni ufundi unaojifunzwa kwa ulimi na mashavu kabla ya meno ya kutafunia kufika. Watoto wanaokutana na chakula chenye vipande baada ya miezi kumi huwa wagumu kukikubali baadaye. Kwa upande wa taya, majaribio ya wanyama waliokuzwa kwa chakula laini tupu yameonyesha mataya yao hukua madogo kuliko ya wenzao waliopewa chakula cha kutafuna. Mtoto wa binadamu si panya, lakini misuli ya kutafuna huufundisha mfupa kwa njia ile ile.

Anza kwa kuponda kwa uma badala ya kusaga kwa mashine, kisha uongeze ukubwa wa vipande wiki hadi wiki, na umpe vipande virefu laini avishike mwenyewe. Akikohoa na kutoa ulimi nje huku akipiga kelele, huyo anajilinda, mwache amalize. Anayepaliwa kweli hukaa kimya na hawezi kulia, na ndiyo sababu asile akiwa amelala, akitambaa au bila mtu mzima karibu. Karanga nzima na vitu vingine vigumu vya mviringo visubiri mpaka apite miaka minne.

Kijana wangu wa miaka minne alinyonya hadi miaka miwili. Meno yake yana nafasi nyingi katikati. Je, taya limepanuka kupita kiasi?

Hapana, na ningefurahi kama watoto wote wangekuwa na nafasi hizo. Meno ya kudumu ya mbele ni mapana kuliko ya utoto, nayo yanahitaji mahali pa kukaa. Mtoto wa miaka minne ambaye meno yake yamegusana bila upenyo ndiye ninayemtilia shaka ya msongamano. Subiri karibu na miaka sita, ambapo gego la kwanza la kudumu litachomoza nyuma ya yote bila jino lolote kung'oka. Kwa sababu halikutanguliwa na pengo, wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto na kulisahau kwenye mswaki, nalo ndilo linalooza kwanza.